Daktari wa wodini anayetaka kuingia afya ya umma: aanzie wapi?

SWALI

Daktari, shikamoo. Mimi ni daktari wa miaka 31, mzaliwa wa Likoni, na nafanya kazi katika hospitali ya serikali hapa Mombasa. Kila wiki napokea wagonjwa waliofika wamechelewa: mama aliyejifungulia nyumbani akatokwa na damu njia nzima, mtoto mwenye surua ambaye hakuchanjwa, mzee mwenye sukari ambaye mguu umeshaoza. Nawatibu, wengine wanapona, na wiki ya pili wanaletwa wengine kutoka mitaa ileile. Nimeanza kufikiria kuingia uongozi wa afya ya umma. Wenzangu wananicheka. Wanasema huko ni mikutano na makaratasi, na kwamba daktari akitoka wodini hupoteza mkono wake. Je, daktari aliye ofisini anaweza kweli kupunguza pengo la afya kati ya mtaa na mtaa? Nisome nini, nianzie wapi? Na bila pesa za lokamu, zile zamu za ziada za kulipwa, nitaishije?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Katika barua yako yote kilichonishika ni yale maneno "mitaa ileile". Daktari anayeanza kujiuliza kwa nini wagonjwa wake wanatoka upande mmoja ameshaianza kazi hii, hata kama bado zamu zake ni za wodini. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Daktari anaweza kulipunguza pengo hilo, na Mombasa ina haja kubwa na madaktari wa namna hiyo.

Ila si kila anayetoka wodini hulipunguza. Wako wanaohamia kwenye kiti, wakapata gari na mhuri, na mambo mitaani yakabaki vilevile. Wodini unamhudumia aliyefika. Katika kazi unayoitaka, mtu wako ni yule asiyefika, na hakuna atakayekukumbusha habari zake, maana hana foleni, hana faili, wala hapigi kelele mlangoni kwako. Ukimsahau huyo, wenzako watakuwa wamesema kweli kuhusu mikutano na makaratasi.

Nianze na hesabu, kwa sababu wengi hupotezwa na wastani. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini Kenya watoto 41 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2014 walikuwa 52. Tumepiga hatua, nani atakataa? Lakini watazame watoto wachanga peke yao, wale wanaofariki ndani ya siku 28 za mwanzo: mwaka 2014 walikuwa 22, mwaka 2022 wakawa 21. Katika vifo 11 vilivyopungua, 10 ni vya watoto waliokwisha kuuvuka mwezi wa kwanza. Anayezaliwa leo na kukosa pumzi hajafaidika sana na hatua yetu hiyo. Kwa upande wa kina mama, sensa ya 2019 ilikadiria vifo 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na utafiti wa 2022 ukaonyesha kuwa uzazi 89 katika kila 100 husaidiwa na mhudumu aliyesomea. Ukizisoma tarakimu hizo pamoja unaona maswali mawili. Mama anayefika kituoni anakuta nini? Na wale 11 wanaobaki ni kina nani, wanakaa wapi? Hao hawakutawanyika ovyo nchi nzima. Wana mitaa yao, wana majina ya vijiji vyao, na kuyajua ndiyo kazi yako ya kwanza.

Mombasa ina kaunti ndogo sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333. Ukimwambia mtu wa Turkana kwamba sisi tunalalamikia umbali atashangaa, lakini wewe wa Likoni unajua kwamba umbali wa hapa haupimwi kwa kilomita. Hospitali ya rufaa ya Pwani iko kisiwani. Mama anayetokwa na damu Shika Adabu saa nane za usiku lazima kwanza apatikane mwenye tuktuk atakayekubali kumbeba, kisha kuna barabara yenyewe, kisha kivuko. Ambulansi hupishwa kwenye feri, lakini feri ikiwa upande wa pili utaingoja. Barabara ya Dongo Kundu imetupa njia nyingine, nashukuru, ila kwa mtu anayemwaga damu huo ni mzunguko mrefu. Na damu ya uzazi haina subira. Mama aliyekuwa mzima asubuhi anaweza kufa ndani ya saa chache.

Ukishaijua njia hiyo hatua kwa hatua, hutaridhika na mtu anayekwambia tatizo litaisha tukiongeza vitanda kisiwani. Utauliza kwa nini damu haikuzuiwa kulekule Likoni. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Baada ya mtoto kuzaliwa, mama aliwekewa chini yake mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo ili mkunga aone kwa macho damu imefika wapi badala ya kukisia kwa kuangalia shuka. Ikipita kipimo, matibabu yote yalitolewa kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuubana, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipani, na kuchunguza damu inatoka wapi. Kesi mbaya za kutokwa na damu zilipungua kwa asilimia 60. Plastiki na mpangilio, basi. Sasa mifuko hiyo ikija kaunti na haitoshi vituo vyote, nani aanze kupewa? Desturi ni kuanza na hospitali kubwa, kwa sababu ndiyo yenye wataalamu na ndiyo inayotembelewa na wageni. Mimi ningeanza na vituo vilivyo ng'ambo ya kivuko, kwa kuwa huko ndiko kuchelewa kunakoua. Uamuzi huo hauonekani mkubwa. Ni karatasi moja ya mgawanyo wa vifaa. Lakini pengo unaloniuliza hupungua au huongezeka kwenye karatasi kama hiyo.

Nikupe mfano mwingine nikae nao kidogo, maana unajibu hilo la kupoteza mkono.

Chukua chanjo ya surua na rubela. Mtoto hupewa akiwa na miezi tisa, kisha miezi 18. Chanjo huja ikiwa unga ndani ya kichupa cha dozi 10. Muuguzi akishauchanganya na maji yake, ana saa sita tu. Zikipita, kilichobaki ni cha kutupwa. Ile ya kifua kikuu, inayochomwa mkononi mtoto akizaliwa, kichupa chake kina dozi 20, na sharti ni hilohilo. Sasa tuseme ni Jumanne, zahanati iko Mishomoroni, na mama mmoja ameingia na mtoto mmoja wa miezi tisa. Amekuja saa nne kwa sababu alfajiri yote alikuwa akiuza mahamri na mbaazi. Muuguzi anakitazama kichupa. Akikifungua, mtoto mmoja atachanjwa na dozi tisa zitamwagwa. Mwisho wa mwezi ataulizwa alifungua dozi ngapi na alichanja watoto wangapi, na mbele ya wenzake ataambiwa anaharibu mali ya serikali. Basi anamwambia yule mama kwa upole, "Njoo Alhamisi, ndiyo siku ya surua." Mama anaitikia vizuri, anamfunga mtoto mgongoni, anaondoka. Alhamisi kuna mahari kwa jirani, au mtoto mkubwa ana homa, au unga umepanda bei na hawezi kupoteza asubuhi nyingine. Miezi miwili baadaye jina la mtoto liko kwenye daftari la waliokosa chanjo, na pembeni mtu ameandika kwamba mama hafuatilii kliniki.

Mtoto wa karani wa bandarini alipelekwa kliniki ya kulipia Jumamosi akachomwa, yakaisha. Chanjo ya zahanati ni ya bure, kwa hivyo hakuna anayeweza kusema mama wa mahamri alishindwa na bei. Alizuiwa na kanuni ya kichupa, na kanuni hiyo inamuumiza zaidi yule ambaye asubuhi yake moja ina thamani ya chakula cha siku.

Kiongozi anaweza kufanya nini? Anaandika maagizo kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Anapandisha makadirio ya chanjo itakayoagizwa ili hifadhi isikauke. Na kwenye mkutano wa takwimu wa kila mwezi anabadilisha swali: badala ya kuanza na dozi zilizomwagwa, anaanza na watoto waliorudishwa. Muuguzi akijua ataulizwa hilo, atakifungua. Hakuna mfadhili aliyehitajika hapo. Palihitajika mtu mwenye mamlaka ya kutia sahihi ambaye pia anajua kichupa kinafunguliwa vipi, saa sita zinaanza lini, na muuguzi anaogopa nini. Mhasibu hajui hayo, na mwanasiasa hawezi kuyajua. Wewe unayajua kwa sababu umesimama hapo. Mkono wako wa wodini utapata kazi ya kutosha huko.

Kuhusu takwimu nitakuonya jambo moja. Ripoti za vituo vyetu huingia kwenye KHIS, mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya, na ni mfumo mzuri, lakini unahesabu waliofika. Asilimia hupatikana kwa kugawanya na idadi ya watoto wanaokadiriwa kuwa wa eneo hilo, na katika mji kama wetu, ambako watu hulala Kisauni na kufanya kazi Mvita, makadirio hayo huyumba. Unaweza kukuta kituo cha kisiwani kimechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake; wanapongezana, kumbe wengine ni watoto wa Jomvu waliobebwa na mama zao wakienda vibaruani. Dawa yake ni kupata orodha ya pili isiyotoka kituoni. Wahudumu wa afya ya jamii, wale ambao serikali ilizindua kikosi chao cha takriban 100,000 nchi nzima Septemba 2023, wanawajua watoto kwa nyumba. Keti na wahudumu wa mtaa mmoja, tuseme Bangladesh kule Mikindani. Weka orodha yao ubavuni mwa daftari la chanjo la kituo, kisha usome majina. Yaliyoko kwa wahudumu na hayako kituoni ndiyo unayoyatafuta. Kazi hiyo inachosha macho, na haina picha nzuri ya kutuma kwa mfadhili. Ifanye mwenyewe mwanzoni, usimtume mtu.

Yako pia magonjwa ambayo kliniki haiwezi kuyafikia mzizi. Homa ya dengi imetupiga Mombasa mara kadhaa: 2013, 2017, 2021. Mbu wake hung'ata mchana na huzaa kwenye maji yaliyotulia ndani ya mapipa na mitungi nyumbani. Kwa nini watu wana mapipa? Kwa sababu bomba halitoki kila siku. Maji ya mji huu hutoka mbali, chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na vyanzo vya Marere na Tiwi upande wa kusini, na yote hayatoshi. Mwenye kisima chake na tangi lililofunikwa halali na pipa wazi chumbani. Anayenunua mtungi kwa mwenye mkokoteni analazimika kuyaweka akiba, kisha anapuliziwa moshi wa dawa na kuambiwa afunike vyombo. Afunike, sawa, lakini daktari wa afya ya umma aliyekwisha kutoa tangazo hilo aende pia kwenye meza ya watu wa maji akiwa na ramani ya wagonjwa mkononi.

Na kuna Owino Uhuru. Huwezi kufanya kazi hii Mombasa bila kuijua habari hiyo kwa undani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwekwa ukutani mwa makazi ya watu maskini, vumbi la madini ya risasi likaingia majumbani na maji machafu yakapita uani. Risasi haina kiwango salama kwa mtoto. Huharibu ubongo, na kilichoharibika hakirudi. Aliyeinua sauti hakuwa daktari. Ni Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani hapo na ambaye mtoto wake mwenyewe alikutwa na sumu hiyo mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha.

Nakutajia kesi hiyo kwa sababu ya swali linaloniuma. Mtoto mwenye sumu ya risasi huletwa kliniki na dalili gani? Upungufu wa damu, maumivu ya tumbo, pengine degedege, au mama anasema tu mtoto wake hashiki masomo. Hizo ni dalili tunazoziona kila siku. Ukimtazama mmoja mmoja unampa vidonge vya madini ya chuma na kumrudisha kwenye vumbi lilelile, nawe unaamini umemtibu. Ni mpaka mtu aweke anwani za wagonjwa juu ya meza moja ndipo mtaa unajitokeza. Kwa hiyo tangu leo, wodini hapohapo ulipo, andika kijiji, sio "Likoni" tu. Andika Mtongwe, Bofu, Timbwani, na nyumba iko karibu na nini.

Kazi ya kupunguza pengo imekuwa na madaktari wake siku zote. Rudolf Virchow, yule daktari Mjerumani uliyemsoma mwaka wa pili, aliyefundisha kwamba ugonjwa huanzia kwenye seli, alitumwa mwaka 1848 kuchunguza homa ya taifasi Silesia ya Juu, kule Ulaya. Akarudi na ripoti iliyosema watu wale wanahitaji elimu, uhuru na riziki. Baadaye alikaa miaka mingi kwenye baraza la jiji la Berlin akipigania mabomba ya majitaka. Hilo la majitaka ndilo ninalolipenda zaidi kwake, na sehemu kubwa ya Mombasa bado inayangoja mabomba hayo. Karibu nasi zaidi yuko Profesa Miriam Were, aliyekuwa mwalimu kabla ya kusomea udaktari. Kule Kakamega alijenga huduma za afya mikononi mwa wanavijiji wenyewe, akaja kuongoza baraza la taifa la kudhibiti ukimwi, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi. Wahudumu wa afya ya jamii tunaowaona leo na mikoba yao ni matunda ya fikra za watu kama yeye. Yaani jambo hili lilichukua miongo.

Sasa kisu chenyewe cha kufanyia kazi, yaani bajeti. Tangu 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti, na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki hiyo hupata miguu kwenye bajeti. Jifunze kalenda yake kama ulivyojifunza dozi za dawa za watoto. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia 1 Septemba. Mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Nimeona madaktari wazuri sana wakija mwezi wa Mei na hoja nzito za kuajiri wakunga wa usiku, wanasikilizwa kwa heshima, wanapewa chai, na hawapati kitu, maana fungu lilikwisha kugawanywa Februari. Hoja yako iwe imeandikwa Agosti, kurasa mbili, na ramani.

Tazama pia nani anakuja kwenye vikao vya kushirikisha umma. Vikifanyika ukumbini asubuhi ya siku ya kazi, watakuja wenye nafasi, na mama wa mahamri hatakuwepo kutaja zahanati yake. Omba kikao kihamie mtaani, alasiri, karibu na msikiti au kanisa, na mialiko ipitie kwa mzee wa mtaa na vyama vya kina mama. Wawakilishi wa wadi watakusikiliza zaidi ukiwapa takwimu za wadi yao peke yake, maana za kaunti nzima haziwaombei kura.

Lakini wako watu ambao hakuna kura inayowaombea. Pwani imeumizwa na unga wa kulevya. Hakuna mtaa usiojua kijana aliyepotea nao. Kisauni kuna kliniki ya methadoni, dawa inayomtuliza mtu asirudie heroini na sindano, na inayopunguza maambukizi ya virusi vya ukimwi na homa ya ini. Dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Basi kijana anayekaa mbali hutafuta nauli kila siku ya Mungu, na siku akiikosa, unga uko mlango wa pili. Ukipendekeza kuisogeza huduma karibu na watu, wapo wakazi watakaosema unawaletea wezi. Keti nao. Nenda na kijana aliyepona na mama yake, waongee wao. Na fungu la vijana hao usilikubali likatwe kimyakimya ili kumridhisha mtu. Kwangu mimi hapo ndipo kiongozi wa afya hupimika.

Masomo nitayapitia haraka, si mageni kwako. Mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani, yaani kuchunguza magonjwa yanavyoenea kwa watu, yaliyoanza Kenya mwaka 2004 yanafaa sana. Ni ya miaka miwili, na yana kozi fupi ya miezi mitatu kwa walio kazini. Mimi ningeanza na hiyo fupi. Shahada ya uzamili ya afya ya umma inatolewa na vyuo vikuu kadhaa, na Kilifi tuna jirani mkubwa, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichoanza mwaka 1989, ambako unaweza kujifunza takwimu kwa watu wanaozijua kweli. Kozi za usimamizi wa serikali ziko Kenya School of Government, yenye kampasi hapahapa Mombasa. Zina maneno mengi, lakini huko utakutana na wahasibu na maafisa wa mipango utakaowahitaji miaka 20 ijayo. Kabla ya shahada, omba upangiwe kazi kwenye timu ya afya ya kaunti ndogo, hata kwa nafasi ya chini, na uwe mnyenyekevu kwa maafisa wa afya ya umma. Wao ndio wanaojua visima, vyoo na mikahawa, na wengi wamechoka kuongozwa na madaktari wasiouliza.

Kipato sasa. Lokamu zako zitapungua, huo ni ukweli, na familia yako ijue mapema. Mashirika hulipa vizuri kuliko kaunti, lakini mradi una mwisho wake: Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, wahudumu wengi wa miradi ya ukimwi nchini walijikuta nyumbani kwa ghafla. Ajira ya kaunti ina mishahara inayochelewa na uhamisho wa kisiasa, ila ndiyo yenye mamlaka juu ya kile kichupa na ile karatasi ya mgawanyo. Ningekushauri ubaki nayo. Shikilia kliniki ya siku moja kwa wiki, ya serikali au ya kulipia. Itakuongezea kitu na leseni yako haitakuwa ya pambo. Jihadhari na posho za warsha za mahotelini, zinaweza kukula mwaka mzima huku unajiona unafanya kazi. Kabla ya kwenda masomoni weka akiba ya matumizi ya nusu mwaka. Na uombe kwa maandishi ruhusa ya masomo yenye mshahara, ukijua utafungwa na mkataba wa kurudi kutumikia kaunti, jambo ambalo kwako ni faida. Barua hiyo ipeleke mwezi huu, upate nakala iliyopigwa mhuri wa kupokewa, kwa sababu katika yote niliyokutajia hilo ndilo litakalochukua muda mrefu zaidi kujibiwa.